Kijiko cha Tatu

Mhudumu aliweka glasi mbili za maji mezani, akapanga vijiko viwili, kisha akauliza, "Niwaletee nini?"

"Niwaletee?" Yule bwana akacheka. "Kwani unaona tuko wangapi hapa?"

Mhudumu akakitazama kiti cha pili. Akapepesa macho. "Samahani, mzee. Nilidhani umekuja na mama." Akaondoa glasi moja, na hadi anafika mlango wa jikoni alikuwa amegeuka nyuma mara mbili.

Bwana huyo ndiye Vijiko Vitatu mwenyewe. Kazi yake, kama nayo ni kazi, ilikuwa kuzunguka mji baada ya mji, kuingia mikahawa, kuonja, na kuwaandikia wasafiri kwenye ukurasa wake wa simu wapi pa kula na wapi pa kupita bila kugeuza shingo. Madereva wa malori walimsoma. Wachuuzi walimsoma. Maharusi walio kwenye fungate walimsoma kabla hawajafungua mabegi. Na alionja vijiko vitatu tu: cha kwanza kupima chumvi, cha pili kupima mafuta, cha tatu kupima mkono wa mpishi. Kisha anaisukuma sahani kando. "Cha nne ni ulafi," alizoea kusema, na wasomaji wake laki mbili wakaona hiyo ni hekima. Mimi naona ni kiburi cha mtu aliyeshiba, lakini nani kaniuliza?

Basi siku hiyo akatia kijiko cha kwanza kinywani. Hakusikia chumvi. Cha pili, hakusikia mafuta. Cha tatu hakusikia kitu chochote, kama mtu anayetafuna hewa, ila puani ilimjia harufu ya jivu lililomwagiwa maji, na karibu kabisa na sikio lake la kushoto sauti ya mwanamke ikasema, "Subiri."

Akageuka. Kiti kilikuwa kitupu, lakini kilikuwa kimevutwa nyuma kidogo.

Unadhani aliwaambia wasomaji wake kwamba ulimi umemgomea? Thubutu! Alitazama nyuso za watu wa meza ya jirani, akaona wanatabasamu, akaandika kwamba mkahawa ni mzuri.

Mji uliofuata, glasi mbili tena. Mji wa tatu, msichana wa mezani alileta sahani mbili bila kuulizwa, akaenda zake, na aliporudi ile ya pili ilikuwa nyeupe, imelambwa hata alama ya mchuzi haipo. "Mwenzako alikuwa na njaa, pole yake," msichana akasema. Vijiko Vitatu akatoka nje mbio, akasahau hata kofia.

Nyumbani mkewe alimtazama mara moja tu. "Baba watoto, wewe unaumwa. Umekonda mpaka pete inakudondoka."

"Ni safari."

"Safari haimli mtu. Kaa ule."

Akampakulia mchana huo huo, jua likiwa linawaka dirishani, akakaa mbele yake, akamkazia macho. Na hapo ndipo mke alipoona. Kijiko kiliondoka kwenye sahani kimejaa wali. Kikapanda. Kabla hakijagusa mdomo kilikuwa kitupu. Mumewe akafumba mdomo, akatafuna, akameza, na hakukuwa na kitu cha kumeza.

"Usiinuke," mke akanong'ona. "Maliza kujifanya unakula. Halafu tunakwenda kwa shangazi."

Shangazi wa mke alikuwa fundi wa nguo. Alishona sare za shule na magauni ya harusi, na katikati ya sare na magauni aliwatoa watu majini, kwa foleni hiyo hiyo moja. Alimkalisha mkwe wake kwenye stuli karibu na cherehani, akavua utepe wa kupimia shingoni mwake mwenyewe akamzungushia yeye kifuani, akasoma namba, akasikitika. Kisha akatupa ubani kwenye kaa la moto, akafunga mlango.

"Aliye ndani aseme," akasema kwa upole, kama anayebisha hodi kwa jirani.

Kichwa cha Vijiko Vitatu kikaanguka mbele. Sauti iliyotoka haikuwa ya mwanamume wala ya mwanamke. "Nina njaa."

"Wewe ni nani?"

"Wa jikoni. Miaka ishirini na sita upawa wa kwanza ulikuwa wangu. Yule mama alijua nipo. Hakuniogopa, hakunifukuza. Alikuwa akichota, akiweka pembeni ya jiko, akiniambia, 'Subiri kipoe.' Sasa jiko ni baridi, na yeye yuko chini ya udongo. Muulize huyu. Muulize aliandika nini."

Mkwe alipozinduka, shangazi alimuuliza. Akaanza kujizungusha. "Kuna mengi nimeandika, shangazi…"

"Mimi nina gauni la harusi la kumaliza leo. Sema."

Akasema. Mwaka uliopita alifika mji mmoja amechoka, akaingia kwa mpishi mmoja ambaye mji mzima ulimwita Mama Subiri. Chakula kilikuwa bado. Mama yule akamwambia, "Subiri nusu saa, baba. Changu hakiharakishwi." Yeye akamuuliza, "Kwani hunijui mimi?" Mama akajibu, "Nakujua una njaa. Kaa." Wateja wakacheka, na walicheka vizuri kabisa. Akatoka, akaketi ndani ya gari lake mlangoni pale pale, akaandika: *Kijiko cha tatu kilitoka na mende.* Miezi miwili baadaye viti vya Mama Subiri vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza. Haukupita mwaka, naye akafa.

"Kwa hiyo hukula," mkewe akasema.

"Sikula."

"Hata kijiko kimoja?"

"Hata kimoja."

Mke alivuta stuli yake akakaa mbali naye kidogo.

"Huyu hataki mbuzi, hataki shuka nyekundu," shangazi akasema akipachika uzi kwenye sindano. "Anataka mambo mawili. Nenda ukakae pale, usubiri chakula mpaka kiive, ukile mpaka kiishe. Kisha uandike ilivyokuwa, yote. Ukipunguza neno, mkwe wangu, usinipigie simu."

Mlango wa pili kutoka kwa Mama Subiri kulikuwa na kinyozi, na ufunguo alikuwa nao yeye. Alimjua mgeni mara moja, akamtazama muda mrefu, wembe mkononi.

"Mama wa watu alikuwa anakaa pale kwenye ngazi ya mlango," akasema taratibu. "Kila gari likisimama anainuka, anajifuta mikono. Halafu gari linaondoka. Alikuwa anapika hivyo hivyo, sufuria nzima, hakuna mlaji. Mpaka siku nilipomkuta ameinamia jiko." Akatoa ufunguo. "Mimi humo siingii. Adhuhuri huwa wanapika."

"Nani wanapika?"

"Wewe nenda."

Ndani kulikuwa na vumbi na harufu ile ile ya jivu bichi. Vijiko Vitatu akashusha kiti kimoja kutoka juu ya meza, akakaa. Nje watu walipita, mwuza magazeti aliita, jua la saa sita lilikuwa sakafuni mraba mweupe. Kisha jikoni kisu kikaanza kugonga ubao, taratibu, kitunguu baada ya kitunguu.

Alitaka kukimbia, lakini miguu haikuwa yake tena, na kisu kiliponyamaza mafuta yakaanza kulia, na harufu ya kitunguu kinachogeuka rangi ikaja ikapita juu ya ile ya jivu, ikafuatiwa na ya nyanya, na ya kuku, na ya pilipili, kila moja kwa zamu yake bila haraka yoyote, huku sandali za mtu zikiburuzwa sakafuni kutoka jiko hadi kabati na kutoka kabati hadi jiko, na yeye akihesabu dakika kwenye simu yake, kumi, kumi na tano, ishirini na tano, shati limemganda mgongoni, akijua kwamba ikitimia nusu saa zile sandali hazitageukia kabati tena bali zitakuja kwake. Zikaja. Zilisimama nyuma ya kiti chake, na akaogopa kufa kuliko alivyowahi kuogopa kitu, akafumba macho.

Alipofumbua macho sahani ilikuwa mezani, inafuka moshi.

Kijiko cha kwanza: chumvi. Alihisi chumvi! Cha pili, cha tatu, na cha nne, ambacho hakuwahi kukila katika maisha yake yote ya kuonja. Katika miji yote aliyozunguka hakuwahi kukuta mkono kama ule. Alikula akilia, makamasi na machozi, mpaka sahani ikabaki mifupa.

"Umeshiba?" ile sauti ya mwanamke ikauliza sikioni.

"Nimeshiba, mama."

"Andika."

Aliandikia kwenye benchi la kinyozi. Aliandika kwamba pale ndipo palipokuwa na chakula bora kuliko vyote alivyoonja. Aliandika kwamba hapakuwa na mende. Lakini alipofika mahali pa kusema *sikula hata kijiko kimoja*, aliwaona wale laki mbili wote wanamcheka kama walivyocheka wateja siku ile, na vidole vyake vikasita. Akaandika: *Siku ile nilionja kijiko kimoja tu kwa haraka, nikakosea.*

Kinyozi alisoma juu ya bega lake. "Kumbe ulionja?"

"Kusema yote kutamsaidia nani? Mwenyewe keshakufa."

Kinyozi alirudi kwa mteja wake.

Wasomaji walimsifu kwa unyenyekevu wake. Nguvu zikamrudi, na siku ya pili ya kurudi nyumbani mkewe alipika kuku wa mchuzi katika sufuria aliyoisugua kwa majivu ikang'aa. Mwanamume akasugua viganja. Kijiko cha kwanza, chumvi imekaa sawa. Cha pili, mafuta sawa. Akacheka kwa raha.

Kijiko cha tatu kilikuwa kizito.

Kilitoka kwenye mchuzi na mende juu yake, mkubwa, mzima, mchuzi ukimchuruzika mgongoni, akitikisa masharubu yake polepole. Nyuma ya mwanamume kiti kilivutwa, na mtu ambaye haonekani akaketi.

Mke alimwona mende. Alimtazama, akaitazama sufuria yake, akamtazama mumewe. "Nimesoma ulichoandika," akasema kwa sauti ya chini. "Kijiko kimoja, eti."

"Mke wangu…"

"Haya. Niandike na mimi kama ulivyomwandika yeye: kijiko cha tatu kilitoka na mende."

Mke akainuka. Akachukua upawa, akachota mchuzi kutoka katikati ya sufuria, akauweka pembeni ya jiko kwa uangalifu, kama anayemwekea mgeni.

"Subiri kipoe," akasema, na hakuwa akisema na mumewe.

Kisha akarudi mezani, akapakua sahani yake mwenyewe, safi, akala mpaka ikaisha.