Hewa Aliyopewa Cubaka

Cubaka alijifunza kuzamia na mtungi wa hewa mgongoni alipokuwa bado anaishi Columbus, katika shimo la zamani la kuchimba mawe lililojaa maji. Alipohamia Buffalo, kazi ya ghalani ilimchosha wiki nzima, na Jumamosi ikawa siku yake ya ziwa.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, jua likielekea kutua, yeye na rafiki yake Gloire walishuka kuitazama merikebu ya mbao iliyozama katika ziwa Erie zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mzee mwenye boti aliwakanya: wasiingie ndani.

Cubaka aliingia.

Alitaka picha moja tu. Maji ya humo yalikuwa baridi ya kuuma meno. Tochi ilimulika mbao, matope, kisha kitu cheupe kilichoganda ukutani kama mafuta ya ng'ombe. Akakigusa. Kikabonyea. Kikamnata kwenye glavu...

Mara baridi ikagandisha kifaa chake cha kupumulia. Hewa yote ikabubujika nje. Brrrrr... Kisha kimya.

Akavuta. Hakuna kitu. Matope yalikuwa yametibuka, hakuona hata vidole vyake.

Mkono ukamshika shingo.

Ukamsukumia mpira wa kupumulia mdomoni. Gloire! Akavuta hewa kwa pupa. Ilikuwa vuguvugu. Ilikuwa na ladha ya siagi iliyooza, ya kinywa cha mgonjwa asiyepiga mswaki. Na mpira wenyewe ulikuwa laini mno... ulikuwa unamnyonya midomo. Kitu kama unywele kikamtambaa ulimini.

Alitaka kutema. Lakini nani hutema hewa chini ya ziwa? Akavuta tena, na tena, huku akiburutwa hadi kwenye kamba, kisha juu. Maji yalipoanza kuwa na mwanga, mkono ukamwachia.

Gloire alikuwa ndani ya boti, amejifunika blanketi, analia.

"Cubaka! Nilikukosa, bon, nikapanda kuita watu. Dakika kumi! Ulikuwa unapumua nini?"

"Si ni wewe ulinipa hewa?"

Gloire akatikisa kichwa kukataa.

Cubaka akainama ukingoni, akatapika. Yakatoka madonge ya mafuta ya kijivu, na unywele mrefu aliolazimika kuuvuta kwa vidole, taratibu, kutoka kooni.

Mzee mwenye boti hakushangaa. Alisema baridi ya huko chini haiachi maiti ioze. Huigeuza kuwa kama sabuni. Aliwasha injini.

Daktari alimpima mapafu, akayaona safi. Kanisani wakamwombea. Siku hizi Cubaka anapiga mswaki mara sita kwa siku, na ladha ile haitoki.

Jumapili iliyopita alimpigia simu mdogo wake Charlotte, aliyeko Louisville. Walisalimiana vizuri, Charlotte akimwita Yaya, mkubwa wake, kama kawaida. Kisha Charlotte akasita.

"Yaya, uko peke yako?"

"Ndiyo. Juu ya nini unauliza?"

"Kuna mtu anapumua pembeni yako."

Cubaka akaziba mdomo na pua kwa kiganja, akabana pumzi.

"Bado namusikia," Charlotte akanong'ona.