Lililokaa Kati ya Dari na Sakafu

Maji yalianza kudondokea kitanda cha Vumilia saa nane mchana, siku ya jua kali, nayo yalikuwa ya vuguvugu, kama yametoka kinywani mwa mtu.

Vumilia alikulia kambi ya wakimbizi, Tanzania. Amani iliporudi nchini kwao naye akarudi, akakuta shamba la baba yake kule Mutaho lina watu wengine. Ndipo akaja Gitega mjini kupanga chumba cha chini katika nyumba ya ghorofa. Juu yake alikaa Zuena, mjane muuza vitenge. Vumilia akapanda kwake, ndoo mkononi.

"Mama Nuru, maji yako yananiozeshea godoro."

"Maji gani, dada? Robine iko kavu siku tatu, bomba halitoi hata tone. Ingia, angalia mwenyewe."

Sakafu ilikuwa kavu kweli. Vumilia akadai imepanguswa sasa hivi. Wakajibizana hadi Zuena akaropoka: "Nyiye wakimbizi mlizoea mahema. Nyumba za watu hamuziwezi!"

Vumilia alichukua ndoo yake, akashuka ngazi.

Maji yakazidi. Akaitwa fundi bomba, Longino, akavunja sakafu ya Zuena. Ndani ya bomba mlikuwa na vumbi tupu. Akatega sikio kwenye tundu, kisha akainuka ghafla, nyundo akaiacha palepale.

"Iko kitu kinapumua humu," alinong'ona. "Mi sirudi."

Zuena akamleta mwalimu Waziri kutoka kwao Muyinga. Alisoma dua, akafukiza ubani, na moshi wote ukanyonywa na lile tundu.

"Jini liko hapa katikati yenu," alisema kwa sauti ya chini. "Leo halijanitii. Nitarudi Ijumaa. Mpaka hapo, mmoja akiita, mwenzake aende. Tena upesi."

"Nitaenda," alisema Zuena. Vumilia aliitikia kwa kichwa tu, akitazama ukutani.

Alhamisi asubuhi, Vumilia akichambua maharage, dari ikagongwa: pa, pa, pa. Alijua ni mkono wa Zuena, na alikumbuka walivyoagizwa, lakini lile neno la mahema bado lilikuwa linamchoma, basi akachukua mpini wa fagio akagonga naye, nyamaza, nyamaza, na huko juu mapigo yakawa ya haraka zaidi, yakachanganyika na mlio kama wa mtu anayesukutua koo, na harufu ya tope la mtoni ikashuka ikamjaa puani, naye akazidi kugonga, akagonga mpaka bega likamuuma, mpaka akatambua kwamba ni yeye peke yake anayegonga.

Zuena alikutwa amelala juu ya mkeka mkavu. Daktari alisema amekufa maji.

Walimzika Muyinga, na mwalimu Waziri ndiye aliyemswalia. Baada ya maziko, Nuru, binti pekee wa marehemu, alikuja kukaa kando ya Vumilia mkekani, macho yamemvimba, akamshika mkono.

"Mama, we ulikuwa nyumbani siku ile. Hakukuita?"

Wanawake wote wakamgeukia.

"Sikusikia kitu, mwanangu," alisema Vumilia, na kabla hajafunga mdomo ukamjaa maji, mpaka kwenye meno. Angeyatema, wangeyaona.

Akayameza. Yakajaa tena.