Ile M ya Pili

— Prof, nimepata! Sikiliza: "Mio marito mi sposa in agosto."

Joëlla aliweka kalamu chini, akijisifu kama mtu aliyemaliza kufua nguo za nyumba nzima. Nilikuwa nimempa zoezi dogo: chukua kitenzi kimoja, kiseme jambo la maisha yako. Wengine huchagua kula au kulala. Yeye alichagua kuoa.

— "Bwana yangu ananioa mwezi wa nane." Nani anaongea hivyo? Hiyo arusi imekwisha ao haijakwisha?

— Imekwisha, prof! Tarehe tisa, Uvira, kanisani, watu kibao.

— Basi weka passato prossimo. Kitu kimekwisha, hakirudi. "Mi ha sposata", alinioa. Rudia.

— Mi ha sposata.

— Tena.

— Mi ha sposata.

Nilimfanya arudie mara tano. Ndivyo nilivyo, kosa la sarufi likipita mbele yangu sipati raha mpaka nilikamate.

Naitwa Marguerite, nina miaka thelathini na moja. Nafundisha Kiitaliano hapa Rohero, mjini Buja, katika chumba cha juu ya duka la fotokopi. Lugha yenyewe niliipata kwa masista Waitaliano niliowafanyia kazi ya ofisi miaka sita. Wanafunzi wangu wote wana safari, na mimi pia nilikuwa na yangu. Mwezi uliofuata, Desemba, Adolphe wangu alikuwa arudi kutoka Torino, wazee wake waje kuniomba kwa Mama kule Mutanga Nord, halafu tuoane. Miaka mitatu nilikuwa nimesubiri, na nilikuwa nimechoka kusubiri, nisidanganye.

— Sasa unamufuata bwana kule? — nikamuuliza Joëlla. Ilikuwa siku yake ya tatu tu darasani.

— Ndiyo. Makaratasi ikitoka, napanda ndege. Aliniambia: tafuta mwalimu, usikuje bubu. Yeye alijifunza hapahapa Buja, kwa masœur, sista mumoja muzee. Sijui kama angali muzima.

— Masœur gani? Mi nawajua wote, na hakuna mwenye anafundisha watu wa inje.

— Jina alisahau. Ngoja nikuonyeshe picha, labda unamujua bwana yangu. Alikuwa anafanya déclaration ya mizigo, makaratasi ya forodha, kule port.

Akanisogezea simu.

Alikuwa Adolphe. Suti ya bluu, ua kifuani, anamlisha Joëlla keki huku watu wamefungua midomo kwa kicheko. Ile saa mkononi mwake niliinunua mimi.

Yule masœur mzee aliyemfundisha nilikuwa mimi.

— Unamujua? — Joëlla akauliza.

— Sura si ngeni.

Sijui nilimalizaje lile somo. Nakumbuka tu kwamba nilimpa zoezi la nyumbani, na kwamba alisema "aksanti, prof" kwa adabu yote. Alipoteremka ngazi nilifunga mlango nikakaa chini sakafuni. Tarehe tisa Agosti Adolphe alinipigia simu. Alisema Torino joto linaua, chérie, réseau inakatikakatika. Kumbe alikuwa Uvira, hapo ng'ambo ya ziwa tu! Mtu akisimama bandarini anaiona ile milima kwa macho yake.

Nikaanza kupandisha meseji zake, moja moja, mpaka Julai. Hapo nikaikuta:

"Io e te ci sposeremmo."

Msomaji, vumilia somo dogo. "Sposeremo" yenye m moja ni "tutaoana". "Sposeremmo" yenye m mbili ni "tungeoana". Masikio yetu huku hayasikii tofauti, na kila mwanafunzi wangu huanguka hapo. Kwa hiyo nilipoiona ile meseji nilimjibu palepale:

"M MOJA! Futuro! Ci sposeremo 😘"

Naye akashukuru: "Grazie prof."

Nilifurahi siku nzima. Hata Mama nilimsomea ile meseji na kumtafsiria. Nilimsomea yenye m moja.

Nikampigia.

— Allô, prof! Leo umeniamusha mapema.

— Adolphe, Joëlla ni nani?

Nikasikia mlango unafungwa upande wake.

— Nani amekuambia?

— Yeye mwenyewe. Ni mwanafunzi wangu. Nikupe habari njema: masœur muzee angali muzima.

— Mungu wangu. Marguerite, mi nilijaribu kukuambia.

— Lini?

— Mwezi wa saba. Nilikuandikia.

— Uliandika kosa!

— Haikuwa kosa.

Nikainuka sakafuni.

— Ile m ya pili niliiweka kwa kusudi — akasema. — Miezi mitatu mizima ulinifundisha ile m, Marguerite. Naijua kuliko jina yangu. Nilisema atasoma, ataelewa, ataniuliza: "Tungeoana, kama nini?" Hapo ningekuambia yote. Ningekuambia Maman amenitafutia mutu Uvira, na mi nimekubali. Sasa we ukanikosoa.

— Mutu anaacha mutu kwa herufi moja? Huna mudomo?

— Nilikosa nguvu. Na uliponirudishia "m moja" na kale kabusu, nikaogopa kabisa.

— Ukaogopa mpaka kanisani.

— Marguerite...

— Jibu moja tu, halafu nakuacha. Juu ya nini yeye, si mi?

Alikawia. Nilijua anatafuta maneno, na mimi mjinga nikawa bado namsubiri kama darasani, nikimpa muda.

— Mbele yako siku zote nilikuwa mwanafunzi. Nikikuambia nakupenda, unaangalia kwanza kama nimesema sawa. Joëlla, nikisema kitu, anasikiliza tu.

Hilo ndilo lililonikata maini, kwa sababu lilikuwa na ukweli kidogo. Nilimkosoa hata siku aliponibusu mara ya kwanza, aliposema "bella", mrembo, kwa l moja. Lakini ukweli kidogo haumfanyi mtu asiwe mwongo.

— Ungemuambia nilikufa — nikasema. — Ingekuwa heshima. Masœur muzee, Adolphe? Mi?

— Pardon. Kweli, pardon. Ila usimuambie Joëlla. Tafadhali, prof.

— Usiniite prof.

Nikakata simu. Nililia mpaka yule bwana wa fotokopi akapanda kuuliza kama kuna mtu amefariki. Nikamwambia apana, ni mafua.

Alhamisi Joëlla alikuja kabla ya saa yake. Hakufungua daftari.

— Prof, Adolphe amesema niache masomo. Amesema Kiitaliano ya Buja iko ya zamani.

— Na we unasema nini?

— Mi nasema nilimutajia jina yako kwa simu, akanyamaza kama mutu mwenye ameona nyoka. — Akaniangalia usoni. — Masœur muzee ni we?

Ningeweza kudanganya. Alikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, hana kosa lolote, makaratasi yake yako njiani. Lakini nilikuwa nimechoka na watu wanaosema mambo nusu.

— Ni mi.

— Na kwako yeye alikuwa nani?

— Angenioa. Mwezi ujao.

Nilisikia mwenyewe nilivyolisema. Angenioa. Kwa mara ya kwanza nilikitumia kile kitenzi bila kosa.

Joëlla akaanza kulia, kimya kimya, akijifuta kwa kanga.

— Mi sikujua, dada. Naapa kwa Mungu sikujua.

— Najua.

— Sasa nifanye nini? Watu wote wamenilia keki! Niwaambie nini?

— Sijui, Joëlla. Mi nafundisha verbes. Mengine yamenishinda, si unaona?

Alicheka katikati ya machozi, nami nikacheka kidogo. Nilitaka kumchukia. Ingenisaidia sana kumchukia, lakini kila nilipomtazama nilimwona mtoto aliyerudia "mi ha sposata" mara tano kwa sababu nilimwambia arudie.

— Masomo unaacha? — nikamuuliza.

— We unataka niache?

— Kuja Jumanne. Ukienda kule ao usipoenda, ni yako na yeye. Lakini akikuandikia kitu, usome kila herufi.

Jioni nikapanda nyumbani. Nilikuta Mama uani, sinia la maharage mapajani, anachagua.

— Mutoto wangu, vizuri umekuja. Baba mudogo yako Anselme amepiga simu. Anauliza wageni wanakuja siku gani, anataka kutengeneza maneno yake.

Anselme ni mdogo wa marehemu Baba. Kwetu, watu wakija kuomba msichana, yeye ndiye wa kusimama na kuwajibu.

— Hawatakuja, Mama.

— Basi ni mwezi wa kwanza? Si neno. Mwezi wa kwanza maharage inakuwa bei nzuri.

— Apana. Adolphe ameoa. Ameoa tangu mwezi wa nane.

Mama alichagua maharage mengine matatu, manne. Akatoa jiwe, akalitazama, akalirudisha palepale katikati ya maharage.

— Na ile meseji ulinisomea? Ile ya kusema mutaoana?

— Niliisoma vibaya.

— We? Usome vibaya?

Mama akaweka sinia chini. Akavua miwani, akaifuta kwa kitenge, hakuivaa tena.

— Mupigie Anselme we mwenyewe — akasema. — Mi mudomo yangu haiwezi kutoa hiyo neno.

Nikapiga. Baba mdogo alipokea haraka, sauti ya furaha, akaniita bibi arusi.

— Baba mudogo, wale wageni hawatakuja.

— Eeh? Watakuja lini?

— Hawatakuja.

— Sikusikii, mutoto wangu. Réseau ni mbaya. Sema tena.

Nikasimama. Nikapaza sauti mpaka jirani akapunguza redio yake, mpaka watu wawili njiani wakageuka kuangalia getini kwetu.

— Hawatakuja! Adolphe ameoa mwingine! Imekwisha, Baba mudogo! Hakuna mutu atakuja kuniomba!

Nilifikiri simu imekatika, nikaitazama. Ilikuwa bado inahesabu sekunde.

— Nilikusikia mara ya kwanza — Baba mdogo akasema polepole. — Nilifikiri nikikuuliza tena, utasema kitu ingine.