Upande Mgumu wa Godoro

Jumamosi hiyo asubuhi, katika duka la vifaa vya michezo, karibu na rafu ya magodoro ya kuangukia walikuwapo watu wanne: muuzaji, aliyekuwa mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani; mpima ardhi, kijana wa miaka thelathini na mmoja; dada yake mkubwa, muuguzi aliyekuja ili mdogo wake asidanganywe; na fundi wa makochi, mwanamke aliyefuata mikanda ya nailoni wala hakuwa na haja na godoro lolote. Wateja wengine walijaa hadi mlangoni, ila hao hawatuhusu.

Mpima ardhi alikuwa amelala chali sakafuni, juu ya godoro. Baada ya mwaka mzima wa kupanda ukuta wa mazoezi, kikundi chake kilikuwa kimemkubali katika safari itakayofanyika baada ya wiki mbili. Huko wangepanda miamba mifupi bila kamba, na baina ya mpandaji na ardhi hakungekuwa na kitu ila godoro. Kulichagua ilikuwa kazi yake.

"Inuka, unanitia aibu," alisema dada yake. "Godoro la kuangukia halijaribiwi kwa kulala."

"Linajaribiwaje, basi?"

"Kwa ngumi," ilijibu sauti nyingine.

Fundi alivaa aproni ya bluu na kitambaa cha manjano kichwani. Sindano tatu zilichomekwa kifuani pake kama nishani. Akapiga magoti, akaligonga godoro la kwanza.

"Hili limekufa."

Akaligonga la pili. "Hili linakufa." La tatu alilididimiza kwa kiwiko, akangoja linyanyuke. "Hili lina roho. Ila waliolishona wameligeuza. Sponji ngumu iko juu, laini iko chini! Nani anataka kukalia ubao?"

Dakika kumi kabla, muuzaji alikuwa amemweleza mpima ardhi kwa utaratibu kwa nini tabaka gumu huwekwa juu. Alifungua kinywa ayarudie maelezo yake, lakini mteja mwingine akamwita. Mpima ardhi aliyajua maelezo hayo vizuri. Akazitazama zile sindano zinavyometa, akamtazama fundi usoni, akasema:

"Kweli kabisa."

Dada yake akamkanyaga mguu.

"Mikanda yake ya kubebea nayo itakukata mabega," fundi aliendelea. "Nipe siku tatu nikushonee mingine."

Mpima ardhi akalilipia godoro, akamwachia, na kwa siku hizo tatu simu hazikupoa.

"Halo, Fundi. Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Yuko mezani, tumbo wazi. Na wewe hii ni mara ya nne tangu asubuhi."

"Nina wasiwasi na godoro."

"Godoro halina simu, mpenzi."

"Umesemaje?"

"Nimesema godoro halina simu."

"Hapo mwisho."

"Hapo mwisho mtandao ulikatika," alisema fundi, akakata yeye mwenyewe, kisha akacheka peke yake mpaka mkasi ukamponyoka.

Kwa furaha hiyohiyo aliamua kumpa zawadi ya siri. Alitoa matabaka yote mawili, akaweka laini juu na gumu chini, akashona upya na kufunga zipu.

Jumatano, kwenye uwanja wa mazoezi, mpima ardhi aliruka kutoka juu ya ukuta mbele ya wenzake. Mguu wa kulia ulizama katika ulaini, ukapinda. Alipokaa chini kwa maumivu, alifungua zipu, akaona. Akapiga simu papo hapo.

"Umeligeuza?"

"Nimelinyoosha! Umelionaje?"

"Nani alikutuma? Ningekuwa mwambani ningevunjika!"

"Ulisema kweli kabisa. Nilikusikia kwa masikio yangu."

"Wewe ni fundi wa viti, hukupaswa kuligusa!"

"Basi tafuta asiye wa viti," alisema fundi kwa sauti ndogo. Simu ikazimwa, na ikabaki imezimwa.

Jioni, dada yake alimfunga bendeji na kumkataza kupanda chochote kwa mwezi mzima.

"Umemwambia kwamba ulijua?" aliuliza.

"Sijamwambia."

"Umeitukana kazi yake kwa kosa ambalo ungelizuia kwa neno moja. Kama ni yule ndiye unayemtaka, mguu huu ndio ugonjwa wako mdogo."

Jumatatu dada huyo alilipeleka godoro kwenye karakana ya fundi bila kumwomba mtu ruhusa. Siku mbili baadaye, mpima ardhi alifika huko akichechemea na fimbo. Mlango ulikuwa wazi. Ndani, fundi alisimama pekupeku juu ya meza ya kukatia vitambaa.

"Usisogee, nahesabu!" Akaruka, akatua juu ya godoro, akachora mstari wa chaki ukutani. "Kumi na tisa upande mgumu. Na upande laini pia niliruka kumi na tisa."

"Fundi, mimi…"

"Nisikilize kwanza. Anayekaa hushuka polepole, kwa hiyo anataka laini. Anayeanguka huja na kisigino. Laini inaumeza mguu, uzito unaupinda. Ngumu inautandaza uzito, ndipo laini ya chini inaupokea. Miaka kumi na miwili nashonea watu wanaokaa. Sijawahi kumshonea anayeanguka. Nimekosa."

"Mimi ndiye mkosaji. Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Muuzaji alishanieleza. Nikanyamaza, maana niliogopa nikikupinga utachukua mikanda yako uende zako. Halafu nikakutolea maneno ya ovyo. Nisamehe."

"Ungenipinga, ningebishana nawe mpaka duka lifungwe! Nimechoka na watu wa kuniitikia, laazizi. Nataka wa kubishana naye."

"Basi nakubishia sasa hivi. Mshono huu wa pembeni umepinda."

"Umepinda? Toka hapa!" Akamrushia kipande cha sponji, wote wawili wakacheka hadi wakaketi juu ya godoro.

"Nataka kukuoa," alisema mpima ardhi ghafla.

"Ngoja nifunge zipu kwanza," alisema fundi, na siku hiyo hakusema zaidi.

Alhamisi jioni kikundi kilikutana. Kapteni, kama walivyomwita kiongozi wao, alisoma orodha ya safari.

"Mpima ardhi hapandi, muuguzi amekataa. Nafasi yake niifute?"

"Usiifute," alisema fundi, aliyekuja na mpima ardhi, akasimama. Alivaa gauni jekundu, sindano hazikuwapo. "Andika fundi wa makochi."

"Umewahi kupanda?"

"Sijawahi. Nitaanza na jiwe fupi. Kuanguka nakujua tayari."

Watu wakaangua kicheko. Mpima ardhi akainua mkono.

"Napinga. Aanze na jiwe fupi kuliko yote."

"Nimekubali pingamizi," alisema fundi, uso ukimng'aa. "Yeye atasimama chini, alisogeze godoro ninapokwenda kuangukia. Na la pili nalisema mbele yenu nyote: Jumapili baada ya kurudi, yeye na dada yake watakuja nyumbani kumwona mama yangu. Aliniomba nimkubali awe mume wangu. Nimemkubali."