Mpishi wa Bwana Stagg

Ubao ulikuwa baridi, lakini ulinuka mafuta yaliyoungua. Ruth Garside aliusogeza puani, akaunusa tena.

"Baba, kuna mtu kapika humu?"

"Humu hata chai tunaagiza nje," alisema Obed, baba yake. "Chonga, mwanangu. Gazeti linautaka."

Karakana yao ilikuwa ghorofani, kwenye kichochoro cha nyuma ya Fleet Street, mtaa wa magazeti wa London, na kazi yao ilikuwa kuchonga picha za gazeti la vichekesho. Mchoraji alichora juu ya ubao wenyewe. Wao wakachimba mti katikati ya mistari, mistari ikabaki imesimama kupokea wino. Ubao mkubwa ulikuwa wa vipande vilivyofungwa kwa skrubu. Ukifunguliwa, kila mtu anapewa chake. Nyuso zilikuwa za Ruth siku zote. Obed alichukua meza na miili ya wageni, mzee Jabez akapewa zulia.

Picha yenyewe ilikuwa hivi: mpishi mnene amebeba bata bukini, sketi yake imeshika moto kwa nyuma, na wageni mezani wanajishika mbavu. Obed alicheka mpaka machozi yakamtoka. Jabez naye akacheka mpaka akakohoa. Ruth hakuona cha kuchekesha, wala mimi ninayesimulia sioni.

Picha huchongwa kinyume, kwa hiyo aliiweka mbele ya kioo, kama wachongaji wote, aone itakavyotoka. Ubaoni mpishi alimtazama bata wake. Kiooni alimtazama Obed. Ruth alifuta kioo kwa aproni, lakini macho yale hayakuhama.

Adhuhuri viganja vya Jabez vilijaa malengelenge.

"Umeshika jiko?" Ruth aliuliza.

"Jiko gani, bibie? Tangu asubuhi nimeshika zulia."

Wakamfunga vitambaa, akaenda kwake. Kesho yake vidole vya Obed vilivimba, kisha kifundo cha mkono, na kila alipoikumbuka picha na kutabasamu malengelenge yalipanda zaidi. Ruth akasikia nyayo nzito ngazini na sketi pana ikiburuzika, zikaingia bila mlango kufunguka, zikapita kati ya meza, zikasimama nyuma ya kiti cha baba yake, na pale, huku barafu ikiwa bado imeganda dirishani, jasho likaanza kumtiririka mzee wa watu shingoni na harufu ya mafuta ikajaa chumba kizima mpaka Ruth akashindwa kuvuta pumzi.

"Mwanangu," alinong'ona Obed, "nani yuko nyuma yangu?"

"Usigeuke, baba. Na usicheke tena."

Ndipo alipoingia Bwana Stagg mwenyewe, mchoraji, kuangalia kazi yake. Alinukia mafuta ya waridi kichwani, na glavu hakuzivua.

"Huyu mpishi ni nani?" Ruth aliuliza.

"Bi Wapling. Alikuwa mpishi wangu. Krismasi sketi ilimshika moto akileta bata. Tukadhani anatuchezea mchezo."

"Mkafanya nini?"

"Tulicheka, binti, hadi akateketea. Ungefanyaje?"

"Ningemwagia maji."

Stagg alivuta glavu moja kidogo. Ngozi iliyoungua chini yake ilikuwa ikikauka.

"Alinichoma mpaka mabegani," alisema kwa sauti ya chini. "Wenzangu wawili nimewazika. Ila tangu baba yako acheke, mimi nalala. Wakimcheka London nzima, tutagawana, kila mtu lengelenge moja. Na mzee wako atapona. Kwa hiyo maliza."

Alipotoka, Ruth alimtazama baba yake, ambaye sasa alikuwa ameungua mpaka kwapani. Akiumaliza ubao, angemponya baba na kuwachoma watu asiowajua. Akiuacha, angemzika.

Uso ukikosewa, wachongaji huutoboa kwa keekee, wakaziba tundu kwa kipande kipya na kuchonga upya. Ruth akashika keekee. Uso wa Bi Wapling ulipong'oka, kuna aliyeshusha pumzi nyuma ya kiti. Akakifunga kipande kile kwa leso, akakizika makaburini walikolazwa maskini, akaomba radhi kwa niaba ya wasioomba. Harufu ikapungua, lakini malengelenge hayakukauka. Basi kwenye kizibo akachonga uso wa Stagg, na masharubu yake, na nywele zake za mafuta. Alipomaliza, Obed alilala usingizi.

Gazeti lilitoka. Asubuhi iliyofuata Jabez alilileta, viganja vyake vizima.

"Mmesikia? Bwana Stagg kaungua na kufa jana mezani kwake. Wageni walikuwa na gazeti hili mkononi. Wakadhani anaiga picha yake."

"Wakafanya nini?" Obed aliuliza.

Jabez akalifungua gazeti juu ya meza. Stagg, mdomo wazi, ndani ya sketi ya mpishi, na bata wake. Ruth alifikiria zile glavu, na mchezo aliosema wanachezewa, na kicheko kikamponyoka, kidogo tu, cha puani. Aliziba mdomo kwa kiganja.

"Mwanangu," alisema Obed, "nani anachoma mafuta ya waridi?"

Ruth hakuondoa mkono mdomoni. Kiganja kilikuwa kimeanza kupata moto.