Sauti Iliyochomolewa Kwenye Jalada la Ozella

Msinipe pole. Nimekasirika, na nikimaliza kusimulia nitakuwa bado nimekasirika.

Jioni ile nilitoka dukani kwetu, duka la santuri za zamani, kwenda kununua gundi. Gundi tu. Majalada ya zamani hupasuka ukingo wa chini, pale santuri inapokaa miaka nenda miaka rudi, na mimi huyaunga upya kabla hayajarudi rafuni. Hiyo ndiyo kazi yangu hapa Shreveport. Kaka yangu Delmar anauza, mimi Luvenia natengeneza.

Na nayapenda, sifichi. Kuna jalada moja la jazi, buluu tupu, kofia ya mwanamume pembeni na moshi wa sigara, na ukilitazama tu unajua tarumbeta italia polepole. Kuna mwimbaji wa kantri amekaa kwenye ngazi za nyumba isiyo na mlango. Kuna la roki lenye joka linalokula jua, ambalo marehemu mama alilifunika kwa gazeti asilione. Kuna la salsa, wapigaji wote wamekupa mgongo isipokuwa mpiga ngoma, anakucheka. Lakini jalada si picha. Jalada ni nyumba, na ndani yumo mwenyewe.

Delmar alikuja kugundua kwamba wenye mahoteli na migahawa wanataka majalada ukutani, kwenye fremu, na santuri zenyewe hawana haja nazo. Basi akawa anazichomoa, anazitupa kwenye boksi zikiwa uchi, anabaki na majalada. Tuligombana mpaka majirani wakazoea.

"Wewe nawe," aliniambia, "unalilia plastiki."

Nikamwambia, fanya utakavyo, ila la Ozella usiliguse.

Ozella ni dada yetu mkubwa. Hakuolewa, hakuzaa, alikuwa na sauti yake tu, na ikamtosha. Aliimba injili tangu ana meno ya utoto. Alipotoa santuri yake ya kwanza, jalada alichorewa na mzee Theron Gaskin, aliyewachorea waimbaji wengi wa huku. Watu walisema yule mzee ni mganga wa mizizi, na brashi ni kisingizio tu. Mimi nilikuwepo siku anachora. Alimwambia Ozella ateme mate kwenye kibati cha rangi. Akatoa unywele kwenye kitana cha Ozella, akaukatakata, akakoroga, akapaka mdomo wa picha. Mdomo mwekundu, umefumbwa.

Majalada mengine yote yalichapwa kiwandani kwa kuiga lile. Lile la mkono alimkabidhi Ozella, santuri ikiwa ndani, kisha akatunong'oneza sisi watatu.

"Hii isilale nje ya nyumba yake."

Delmar alikuwa amesimama hapo hapo. Alisikia.

Paa la nyumba ya Ozella linavuja, kwa hiyo jalada tuliliweka dukani, juu nyuma ya kaunta, na kila aliyeliulizia aliambiwa haliuzwi.

Nikarudi na gundi yangu. Jua linazama. Mlango wa duka wazi, taa haijawashwa...

Harufu ndiyo iliyonipokea. Udongo mbichi, wa shimo lililochimbwa sasa hivi. Na juu yake mafuta ya rangi.

Nikatazama juu, nyuma ya kaunta.

Hapakuwa na kitu.

Delmar alikuwa chumba cha nyuma, anafuta kioo cha fremu. Ndani ya fremu yumo Ozella.

"Usianze," akasema, hata hakunitazama. "Mama mmoja wa mgahawa amelipenda. Namwazima tu, aone linavyokaa ukutani."

"Santuri iko wapi?"

"Niliitoa wiki iliyopita. Jalada nikalirudisha juu, usije ukaona pengo."

"Nimekuuliza iko wapi."

Kitambaa kikasimama kwenye kioo.

"Hollis alikuja akachukua lile boksi," akasema kwa sauti ya chini.

Hollis ni jamaa wa mtaa wa jirani anayepasha santuri moto kwenye oveni mpaka zilegee, halafu anazikunja ziwe mabakuli. Watu wananunua, wanawekea njugu na funguo.

Damu ikanichemka. Wiki nzima Ozella alikuwa akilalamika koo, sauti inamkauka, anakunywa asali na tangawizi, na sote tukasema ni mafua. Delmar alikuwa akimpelekea hiyo asali. Alimtazama dada yake usoni, akajua alichofanya, akanyamaza. Niliinua mkono nimzabe kofi la kumtoa meno.

Ndipo nikaiona picha.

Mdomo ulikuwa wazi.

Ulikuwa wazi wote, na ndani mlikuwa na giza ambalo mzee Theron hakulichora. Hakuwahi kuuchora mdomo ule wazi. Halafu kioo kikaanza kuingia ukungu... kwa ndani. Ukungu ukafifia. Ukarudi tena.

Giza lile lilikuwa linapumua.

Nilikimbia. Nyumba ya Ozella iko mtaa wa nyuma, na kabla sijafika mlangoni nikanusa samaki wanaoungua. Dada alikuwa jikoni, amekaa kitini, mikono shingoni, kambare wamekuwa mkaa kwenye kikaango. Anafungua mdomo, anafumba. Anafungua, anafumba. Haukutoka hata mkwaruzo.

"Dada, ni mimi," nikanong'ona. "Usijitese. Nyamaza kwanza."

Akanitazama, machozi yakimtiririka, akaendelea kujaribu.

Delmar akaingia mbio nyuma yangu. Alikuwa amelivua jalada kwenye fremu, na mkono wa pili ameshika santuri aliyoikwapua rafuni akipita. Hakuwa ametazama hata jina.

"Nyumba inataka mtu tu," akasema. "Nikimtia mwingine..."

"Thubutu."

Akaisukuma ndani.

Ozella akavuta pumzi ndefu. Mabega yakamshuka. Akasema,

"Hapa ni kwa nani?"

Ilikuwa sauti ya mwanamume.

Nzito, ya mzee, imekwaruzwa na sigara. Nywele zikanisimama. Mafuta yalikuwa yanachemka kwenye kikaango.

"Mbona kuna joto hivi..." ikasema ile sauti. Midomo ya dada yangu ilikuwa inachelewa kidogo kuifuata. Mkono wake ukapanda, ukapapasa shavu, pua, hereni. "Huyu mwanamke ni nani? Nani kaniweka ndani ya mwanamke?"

Lakini macho yalikuwa ya Ozella. Yeye mwenyewe alikuwa humo, anasikia kila neno, ananiomba.

Nikamnyang'anya Delmar jalada, nikaichomoa ile santuri kwa nguvu mpaka ukingo ukachanika. Ozella akaangukia meza, kimya. Nikageuza santuri nikasoma. Mwimbaji wa bluzi kutoka Texas, aliyezikwa kabla sisi hatujazaliwa.

"Angalau alikuwa anaongea," Delmar akanong'ona.

Hilo neno sitamsamehe. Santuri ningeweza. Hilo, hapana.

Ozella akanyanyua kichwa. Akamwona Delmar anainyooshea mkono tena ile santuri, anataka kujaribu mara ya pili. Akalichukua jalada tupu, akalikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili, akatikisa kichwa. Polepole, ili tuelewe vizuri. Afadhali abaki bubu kuliko kukaliwa na mtu.

Nilikwenda kwa Hollis hapo hapo. Alinifungulia akiwa na glavu za oveni, na nyumba nzima inanuka plastiki ya moto. Nikamwulizia lile boksi la Delmar.

"Mabakuli yote yameuzwa, dada," akasema. "Niliyapeleka gulioni Jumamosi."

"Hakuna ulilobakiza?"

"Hata moja." Akatazama sakafu. "Lilikuwepo moja la ajabu. Nilipolitoa kwenye oveni lilikuwa linavuma. Nikadhani ni masikio yangu. Lilinunuliwa la kwanza."

"Nani alinunua?"

"Sijui. Mtu tu. Alisema ni zuri, ataliweka sebuleni."

Tangu hapo nimehamia kwa Ozella. Delmar analeta chakula, anakiweka kibarazani na kuondoka, kwa sababu nimemwambia akivuka kizingiti nitamvunja miguu. Na hayo ya ububu tungeyazoea. Ila kuna jambo lingine.

Dada anakaa zake ametulia, mara anashtuka, anashika koo, uso unamvimba. Mwanzoni tulikimbilia hospitali. Daktari akaangalia, hakuona kitu. Tukarudi. Siku moja tukiwa mezani ikamshika tena, nikampiga mgongoni, akakohoa. Kikadondoka kwenye sahani.

Ganda la njugu.

Hapakuwa na njugu ndani ya nyumba. Kesho yake ganda lingine. Kisha kifungo cha shati. Halafu sarafu, na hiyo ilimkwaruza, akatema damu. Kuna mtu hapa mjini ana bakuli jeusi sebuleni, na kila akirudi kutoka kazini anatupia humo chochote kilichomo mfukoni. Hajui anamtupia nani. Sijali kama hajui. Nina hasira naye vilevile.

Leo asubuhi ilimshika vibaya kuliko siku zote. Alikuwa anageuka rangi ya jivu. Nikaingiza vidole mpaka nyuma ya ulimi, nikagusa chuma, nikavuta.

Ufunguo wa nyumba. Umefungwa uzi mwekundu. Bado una joto la mkono wa mtu.

Ninao hapa. Nimemwacha Ozella na jirani, nimeanzia mtaa ule wa gulio, na ninajaribu milango, mmoja baada ya mwingine. Nitaijaribu yote. Kwa hiyo ukisikia mtu anachokonoa kufuli lako jioni hii, usiite polisi, wala usiniulize nataka nini. Nenda sebuleni ukalichukue hilo bakuli. Toa vilivyomo, kimoja kimoja, polepole. Na mikono yako ikianza kutetemeka, keti chini kwanza, usije ukaliangusha.