Kimya Katikati ya Mchezo

Duka la vyombo lilikuwa limefurika wateja pale muuzaji, binti mwenye gauni la njano na kilemba cha kijani, alipomwona kijana mmoja akigonga sufuria moja baada ya nyingine, sikio kalitega.

"Kaka, unanunua sufuria au unaipima homa?"

"Natafuta inayolia kama mlango wa jela."

Kumbe alikuwa mtayarishaji wa michezo ya redio, tena michezo ya ajabu: haina msimulizi, maneno ni ya kutafuta kwa tochi, hadithi nzima inabebwa na nyayo, pumzi na vyuma. Jumapili binti akausikiliza mmoja. Mwanzoni alidhani redio imeharibika. Kisha akasikia mtu akipanda ngazi, akasita mlangoni, akashuka; binti machozi yakamlenga. Akampigia simu kijana kwa namba aliyomwachia dukani.

"Yule mtu mbona hakubisha hodi?"

"Wewe unadhani kwa nini?"

"Aliogopa kupendwa, mjinga yule!"

Tangu hapo simu hazikukatika. Binti alimwita "Sikio langu". Naye akaitwa "Sufuria wangu", wakacheka mpaka chaji ikaisha.

Penzi lilipokolea, mchezo mpya ukarushwa. Binti alikuwa akikunja nguo na mama yake. Katikati ya mvua na honi za magari, sauti yake mwenyewe ikanong'ona redioni: "Nakupenda, ila mama bado hajui."

"Sasa anajua," mama alisema polepole. "Na majirani wanajua."

Binti aliziacha nguo, akapiga simu. "Ulinirekodi tukiongea?"

"Mpenzi, ilikuwa sauti nzuri kuliko zote..."

"Ilikuwa siri yangu!" Akakata, na simu zake hakupokea tena.

Mchezo uliporudiwa wiki iliyofuata, aliusikiliza akiwa amenuna. Ulipofika pale penye sauti yake, mvua ikakatika. Kimya. Kirefu mpaka akainyooshea redio mkono. Kisha honi zikaendelea.

Akapiga mwenyewe.

"Umenitoa."

"Sauti ni yako, na sikukuomba. Nisamehe. Bosi anasema nimeuharibu mchezo."

"Umeuharibu kweli." Akajikuta anacheka. "Siku nyingine uombe kwanza."

"Basi naomba."

"Nini? Sauti?"

"Na mwenye sauti."

"Hilo haliombwi kwa simu. Njoo Jumamosi uongee na mama."

Jumamosi kijana akafika na mjomba wake, shati limepigwa pasi likasimama. Aliomba radhi, kisha akaomba mke, bila kugugumia. Mama akamsikiliza hadi mwisho, akaitikia posa, kisha akamgeukia binti yake.

"Mbona anaongea vizuri tu? Redioni anawanyima watu maneno kwa nini?"